Chupa imeandikwa "haina kolesteroli"

Juzi sokoni Darajani mwenye duka kanishikisha chupa ya mafuta ya kula, kidole kakigonga kwenye lebo: "Chukua haya, dada. Hayana kolesteroli." Bei juu kuliko nyengine.

Sikubishana naye, lakini nilikereka njia nzima. Kolesteroli, au lehemu kama waitavyo wengine, katika chakula inatoka kwa wanyama: nyama, mayai, samli. Mafuta ya mimea yote hayana, au yanayo kidogo mno isiyohesabika. Hata kasimile, lile tui zito la nazi, haina! Na hapo ndipo tunapojidanganya. Sehemu kubwa ya kolesteroli mwilini hutengenezwa na ini letu wenyewe, na mafuta ya aina inayoganda hulifanya ini hilo lizembee kuiondosha ile mbaya, LDL, kwenye damu. Mafuta ya nazi ni ya aina hiyo kwa zaidi ya asilimia 80. Asubuhi za kipupwe unayaona yameganda chupani, huhitaji maabara.

Ami yangu alipoambiwa kolesteroli yake iko juu, nyumba nzima tulidhani kipimo kimekosea, maana ni mwembamba kama ufito. Kumbe wembamba si kinga, na wengine huirithi kwa wazee wao. Siku ile ile akaacha pweza. Wali wa nazi, mchuzi wa kasimile na sambusa za alasiri, hivyo akaendelea navyo. Maskini pweza! Kolesteroli anayo, lakini yale mafuta yanayoganda hana ya maana.

Vidonge alikunywa miezi miwili, akajiona mzima, akaviacha. Alijiona mgonjwa lini? Kitu hichi hakiumi wala hakiwashi. Mishipa inaziba kimya kimya. Ukipima, jumla ya kolesteroli inatakiwa iwe chini ya 5.2 (mmol kwa lita ya damu), ila mwenye sukari au presha daktari wake humwekea kiwango chake.

Simwambii mtu aache nazi, nani atanisikiliza hapa Unguja? Kwangu kasimile imebaki ya Ijumaa, siku nyengine tui jepesi. Kunde na choroko zimezidi, kwani nyuzinyuzi zake huibeba kolesteroli ikatoka na choo. Samaki kibua namchoma, simkaangi.

Ami karudi kwenye vidonge. Pweza bado hamgusi. Nimeshachoka kumweleza, sehemu yake naila mimi.