Harusi nzima ikabaki paka

Picha 643 za harusi nilizipoteza kwa muda mfupi kuliko wa kufunga ushungi. Na sikuzifuta, wallahi. Nilizihamisha tu.

Mie hupiga picha harusi za wanawake hapa Wete, Pemba, na nisijisifu, si kwa ustadi. Kinachonipa kazi ni uanamke wangu. Bi harusi akishapambwa na shungi zikishavuliwa, mpiga picha wa kiume hakanyagi ndani, hata awe bingwa wa dunia. Ndiyo maana kamera yangu ya mtumba ina wateja mpaka Konde, na ndiyo maana kila ninapopewa kazi huapishwa kwanza: picha hizi haoni mwanamme.

Harusi yenyewe ilikuwa huko huko Konde. Shangazi wa bi harusi anaishi Maskati, hakuweza kuja, na tangu siku ya hina alikuwa akituma sauti kwenye WhatsApp asubuhi, mchana na baada ya isha: “Picha ziko wapi? Au hamtaki nione?”

Laptopu yangu imezeeka. Windows ilipoishinda, kijana mmoja fundi, mtoto wa jirani, aliniwekea Ubuntu, aina ya Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, akanifundisha amri mbili tatu za kuandika. Hapo ndipo kiburi kilipoingia. Mtu aliyejua amri tatu ni kama mtoto aliyejua baiskeli jana, hataki tena kwenda kwa miguu hata chooni. Picha zile ningeweza kuzikamata kwa mausi, nikazitupia kwenye folda, nikaenda zangu kulala. Lakini shoga yangu alikuwa amekaa pembeni na kikombe chake cha chai, nikataka anione nikiandika kwenye lile dirisha jeusi kama wale wa sinema.

Kwanza nikazitoa picha zote 812 kwenye kadi ya kamera. Sikuzinakili, nilizihamisha kwa amri ya mv, kadi ikabaki tupu. Nikaona usafi ulioje! Zile 169 za kupambwa nikazitia kwenye folda yake, zikaenda salama. Zikabaki 643 za ukumbini. Nikatengeneza folda:

mkdir ukumbini

Kisha nikajikohoza ili shoga yangu aangalie, nikaandika amri ya kuzihamisha picha moja moja:

for f in *.JPG; do mv "$f" Ukumbini; done

Umeiona? Mie sikuiona. Folda nimeiandika kwa u ndogo, amri nimeiandika kwa U kubwa. Sijui kwa nini, labda kwa heshima, maana ukumbi ulikuwa wa gharama. Kwenye Windows isingekuwa neno, ukumbini na Ukumbini ni mtu mmoja. Kwenye Linux ni watu wawili, hawajuani wala hawasalimiani.

Nikapiga enta. Hata shoga yangu hakuwahi kupuliza chai.

“Tayari?”

“Tayari,” nikasema, nikaegemea nyuma kama mkurugenzi.

Nikafungua folda. Tupu. Nikaifunga, nikaifungua tena kwa bismillahi. Tupu vilevile. Pembeni yake pamekaa faili moja, jina lake Ukumbini, halina hata mkia wa JPG. Nikalifungua.

Paka.

Paka wa manjano chini ya meza ya ukumbini, kashika kichwa cha samaki, ananitazama kama mie ndiye mwizi. Niliipiga mwisho kabisa, watu wakifungasha masinia, kwa kujaribu tu kama betri ipo.

Ilivyokuwa ni hivi. Kwetu mwanamke akiolewa huhama nyumba, lakini jina la babake hubaki nalo. Kuhama ni jambo moja, kubadili jina ni jambo jengine. Kompyuta haijui tofauti hiyo. Amri ya mv ndiyo inayohamisha na ndiyo hiyo hiyo inayobadilisha jina. Ikikuta folda ya jina ulilolitaja, huingiza faili ndani. Isipoikuta, hudhani unalipa faili jina jipya, na haiulizi. Basi picha ya kwanza ikaitwa Ukumbini. Ya pili nayo ikaitwa Ukumbini, ikaikalia ya kwanza. Ya tatu ikaikalia ya pili. Wageni 643 kiti kimoja, na kila aliyekaliwa haonekani tena, mpaka akaja paka akakaa juu ya wote.

Kinachoniuma ni kwamba kompyuta ingeniokoa lau nisingejishaua. Ningeandika mv *.JPG Ukumbini peke yake, bila ya madoido ya for na do, ingekataa, ingesema faili zote hizi haziendi mahali pasipo folda. Ningetia -i, ingeniuliza kabla ya kukalia kitu. Hata mkwaju mmoja tu mwishoni, Ukumbini/, ungetosha kuigomesha. Mkwaju niliukosa mwisho wa amri, nusura niupate mgongoni.

Maana siku ya pili nilikwenda Konde kwa mama wa bi harusi. Nikamwambia kwa lugha laini: “Mama, picha zipo, ila hazionekani.”

“Kama jini?”

Nikamwonesha paka. Akamtazama kwa muda, akauliza kwa sauti ya chini sana, “Milioni ya ukumbi, mwanangu, huyu ndiye nimempata?”

Yule fundi nilimpigia simu akasema nisiiguse kadi, nisipige picha hata moja, kwa sababu kilichoondolewa kwenye kadi hubaki palepale mpaka kije kitu kingine kukalia nafasi yake. Kuna programu ya bure iitwayo PhotoRec ya kuzifukua. Akajitolea kuja. Somo wa bi harusi, yaani kungwi wake, akasikia, akasimama mlangoni kama polisi.

“Mwanamme? Azitazame picha za ndani? Lahaula!”

Ikatolewa hukumu: fundi akae nje barazani, dirisha literemshwe pazia, yeye aseme na mie niandike. Mama wa bi harusi na somo wakakaa huku na huku, mie katikati na laptopu mapajani kama mtuhumiwa.

“Andika sudo!” sauti ikaja kutoka nje.

“Sudo ndio nini?” mama akauliza.

“Ni kuiambia kompyuta kuwa wewe ndiye mkubwa wa nyumba, mama.”

“Mkubwa wa nyumba hii ni mie.”

“Ndiyo, mama. Basi kwa ruhusa yako.”

Kompyuta ikataka nywila. Nikaandika, na Linux yangu ukiandika nywila haioneshi kitu, hata nukta. Somo akanikodolea macho. “Mbona wapapasa tu, huandiki?”

Programu ikashuka kwa intaneti ya simu ya mama, ambaye kila dakika aliuliza imekula MB ngapi. Kisha kelele za barazani zikaendelea: chagua kadi, usichague diski ya kompyuta! Ikikuuliza pa kuweka, weka kwenye kompyuta, usiweke kwenye kadi ileile! Bonyeza C! Wapita njia wakaanza kusimama. Mzee mmoja akauliza kama kuna mgonjwa anayesomewa.

Ikaanza kuhesabu. Picha 40. Picha 215. Mama akashika tasbihi. Picha 600. Picha 812, mie machozi. Lakini haikusimama. 900. 1,100. 1,304.

“Mashaallah,” somo akasema, “zimezaa.”

Fundi akauliza kutoka nje, “Picha mnaziona vizuri?”

“Hatuoni picha,” nikamjibu. “Zinaonekana namba tu.”

Kimya. Kisha sauti, pole pole sana: “Kwa hiyo saa nzima hii… ningelikaa ndani tu.”

Mama wa bi harusi akampelekea chai na kaimati. Hakuna aliyelizungumza tena.

Zilizozidi zilikuwa za kazi zangu za nyuma. Kadi hukumbuka mambo uliyoyasahau. Na PhotoRec haijali majina, zote hurudi zikiitwa f0034816, f0051200, kama wafungwa. Nikasema nitazipanga kwa tarehe, kumbe betri ikiisha kamera yangu hujirudisha 1 Januari 2012, kwa hiyo harusi zote za Pemba zimefanyika siku moja. Mie na shoga yangu tukazichagua kwa macho, moja moja, huyu wa Konde, huyu wa Mkoani, mpaka adhana ya alfajiri. Zamu hii kwa mausi.

Jioni Maskati ikapelekewa picha. Shangazi akajibu kwa sauti ya dakika nne, kafurahi mpaka analia. Mwisho akasema: “Na yule bibi wa ushungi wa kijani aliyesimama na sufuria la biriani, nimemjua! Mtoto wa jirani yetu wa zamani, kazeeka masikini! Mpeni salamu zangu.”

Ushungi wa kijani ni mpishi wa harusi ya Mkoani. Konde hajafika hata kwa bahati mbaya.

Mama wa bi harusi alinitazama, nami nikatazama mkeka. “Mwambie salamu zimefika,” akasema.

Wiki tatu baadaye likaja boksi la halua ya Maskati, juu yake limeandikwa kwa kalamu: La dada wa ushungi wa kijani. Mama hakutaka kulitia mkononi, akasema hilo ni la aliyeleta picha, ajue mwenyewe pa kulihamishia. Liko juu ya kabati langu. Kila wiki nasema Jumamosi nitapanda gari ya Mkoani. Halua imepungua kidogo.