Unga, Kamera na Mnada wa Maskini

Wiki iliyopita, mtaani kwetu, bibi mmoja anayekaribia miaka 80 aliitwa mbele kupokea kiroba cha unga, akaambiwa akiinue kidogo ili kamera ikione. Hakuweza. Kijana mmoja akamsaidia kukishika kwa chini, picha ikapigwa, ikawa kwenye makundi ya WhatsApp kabla bibi hajafika nyumbani kukoroga uji. Jirani aliyesimama kando yangu akasema, "Bora amepata." Neno hilo limenikaa kooni.

Ndiyo hoja iliyotumika katika miji midogo ya New England, eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, ambako tangu enzi za ukoloni, kwa kufuata mfano wa sheria ya maskini ya Uingereza ya mwaka 1601, kila mji ulibeba maskini wake kwa kodi ya wakazi wake. Mgeni asiye na kitu aliweza kupewa notisi ya kuondoka kabla hajawa mzigo. Lakini kinachonichoma ni mnada. Katika miji mingi, hadi ndani ya karne ya 19, mjane, mzee au mgonjwa wa akili alinadiwa mbele ya majirani zake, na mshindi hakuwa mwenye dau kubwa, bali aliyekubali kulipwa na mji fedha kidogo kuliko wote ili amlishe na kumlaza kwa mwaka mmoja. Fikiria hesabu yake: aliyeshinda kwa bei ya chini alipata faida kwa kupunguza chakula au kwa kumfanyisha kazi yule mgeni wake, na mwaka ulipokwisha mzee huyo aliweza kurudishwa mnadani, akasikiliza upya watu aliokua nao wakishindana kumshusha thamani. Wote hao walikuwa waungwana, bila shaka, na Jumapili walikaa kanisani.

Mwaka 1824, ripoti ya serikali ya jimbo jirani la New York iliushutumu utaratibu huo, na miji mingi ikahamia kwenye mashamba ya maskini, yaani mashamba ya umma ambako maskini waliwekwa pamoja na kufanyishwa kazi, ambayo nayo yana habari zake. Katika miji mingi, vitabu vya hesabu vya mji vilichapishwa kila mwaka, aghalabu na jina la maskini na gharama yake: viatu, kuni, daktari, jeneza. Massachusetts, mojawapo ya majimbo ya New England, ilikwenda mbali zaidi. Marekebisho ya katiba yake ya mwaka 1821 yaliwanyima mafukara kura.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba watu wale walitushinda kwa jambo moja: kwao msaada ulikuwa wajibu wa kisheria, haukungoja mfadhili apate nafasi wala uchaguzi ukaribie. Kiroba chetu hakina hata sheria nyuma yake. Kina bango tu. Na wanaodai kwamba picha ni ushahidi wa matumizi ya fedha wanieleze kwa nini sahihi, au dole gumba kwenye karatasi, haitoshi.

Jana nilipita kwa bibi. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, akanikaribisha mkekani, kisha akamwita mjukuu wake alete simu. Alinionyesha ile picha, akainamisha kichwa, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hii inafutika?"