Asumini za Posa

Nilikuwa nimepagawa na picha za maua yaliyogandishwa ndani ya barafu, zile zinazopigwa kwa lenzi ya kukuza mpaka vipovu vya hewa vinaonekana vimejipanga ukingoni mwa ua kama shanga. Nikasema, na mimi hapa Tanga nina asumini tele uani, nakosa nini?

Nilikosa friza. Iliyokuwepo ni ya shangazi, imejaa vibua na barafu za ukwaju za kuuza.

Bakuli la kwanza lilitoka jeupe kama limetiwa tui. Kumbe maji huanza kuganda pembeni, hewa yote ikasukumwa katikati, na katikati ndipo lilipo ua langu. Nikachemsha maji mara mbili, yakatakata kidogo. Ua nalo halizami! Linaelea, uso juu, kama mtoto aliyekataa kuoga. Wenzangu hugandisha tabaka kwa tabaka. Mimi sina subira hiyo. Nikafunga kila kikonyo kwa mshipi wa kuvulia, ule mwembamba, chini nikaning'iniza kichubwi, kile kizito cha mshipi, kilizamishe. Vikombe sita vya kahawa, vipande sita vya kioo kitupu. Nikatoka mbio kwenda kuazima lenzi ya kubana kwenye simu.

Narudi, nakuta viatu vya wanaume mlangoni. Lahaula! Posa ya binti wa shangazi, nami nimesahau kabisa.

Wazee wamekaa mkekani, kila mmoja na bilauri ya sharubati, na ndani yake asumini yangu inamtazama.

"Mashallah, mna mapambo nyie!" akasema mmoja.

"Ndio desturi yetu," shangazi akajibu bila kupepesa. Mwanamke yule hata friji ya kwanza aliinunua akiwa mtu mzima.

Nikataka kusema neno. Mzee mwenye posa akawahi kupiga funda. *Ko!* kwenye jino. Akatia vidole kinywani akaanza kuvuta, taratibu, shubiri nzima, ua likatangulia, kichubwi kikafuata. Barazani kimya. Akakiinua, akakipima kwa jicho.

"Nimekwenda baharini miaka arobaini," akasema. "Leo nimevuliwa mimi."

Walicheka mpaka kofia zikaanguka. Shangazi hakucheka. Alikuwa anapita kwenye bilauri moja moja, anahesabu kimoyomoyo. Vipande vilikuwa sita. Vichubwi alivyopata ni vitano.