Sina Kazi, Nauza Vitumbua Tu

Duka langu la kuchapisha na kutoa fotokopi liko Wete, Pemba, na sehemu kubwa ya shughuli zangu ni kuwajazia watu fomu: za mikopo ya vikundi, za kumwandikisha mtoto skuli, za vitambulisho, za pasipoti. Katika fomu nyingi pana mstari mmoja ulioandikwa "Kazi", na hapo ndipo kalamu yangu husita kila siku. Mtu ameshanieleza kwamba ametoka Micheweni na gari ya asubuhi, kwamba jana alishinda pwani akifunga mwani kwenye kamba na leo amemwachia bintiye kuuanika, lakini nikimuuliza kazi yake hunijibu, "Kazi sina, Maalim. Nalima mwani tu."

Bado naitwa Maalim. Nilifundisha skuli kwa miaka sita, nikaacha kwa hiari yangu, lakini jina halikuniacha.

Neno hilo "tu" nimelisikia mara nyingi mno kiasi kwamba sasa nalisubiri kabla halijatamkwa. Nashona tu. Nina boda tu. Nauza vitumbua tu. Najishughulisha tu. Wanaolisema ni watu wanaoamka kabla ya adhana ya alfajiri na kulala baada ya wenye mishahara. Wapo wanaoliona kuwa ni unyenyekevu usio na madhara, nami nilikuwa miongoni mwao. Siku hizi naamini kwamba linatutoa fedha mfukoni.

Mimi mwenyewe limenipitia. Nilipoacha kufundisha, mama yangu aliwaambia majirani kwa muda wa miaka miwili kwamba mwanawe "bado hajapata kazi", na wakati huohuo alikuwa akiniletea chakula dukani kwa sababu sikuwa na nafasi ya kurudi nyumbani kula. Nilipopeleka posa, wazee wa upande wa pili walimuuliza ami yangu kijana anafanya kazi wapi, naye akajibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri kosa, "Kazi hana, lakini ana duka." Posa ilikubaliwa, alhamdulillah, ila ile "lakini" ninayo moyoni mpaka leo.

Ami yangu simlaumu, maana kwa watu wa rika lake neno kazi lilijifunga na ofisi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali ndiyo iliyokuwa mwajiri mkubwa na mwagizaji wa bidhaa, na biashara binafsi ilibanwa mpaka milango yake ilipoanza kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980. Aliyekulia katika miaka hiyo alijifunza kwamba kazi ni kile kinachotoa mshahara mwisho wa mwezi na kiinua mgongo mwisho wa umri, na kwamba mengine yote ni kuhangaika. Kabla ya hapo, na hata sasa kwa namna fulani, heshima ilikuwamo ndani ya ufundi wenyewe: mtu huitwa Fundi, huitwa Nahodha, na akipita njiani husalimiwa kwa jina hilo. Neno mjasiriamali limekuja baadaye, limeundwa vizuri kwa jasiri na mali, na limetufikia kwa njia ya semina na mabango ya mikopo. Sijapata kumsikia mtu akiitwa barabarani, "Ewe Mjasiriamali, hujambo?"

Sasa nieleze fedha zinavyopotea. Jirani yangu mmoja, mama wa makamo ambaye nitamwita Bi Jirani kwa kuwa hapendi kutajwa, aliniomba nimsaidie kujaza fomu ya mkopo wa kikundi chao, na fomu ilitaka kujua faida yake kwa siku. Alijibu bila kusita kwamba ni shilingi 7,000. Tukakaa barazani kwake tukahesabu. Huchoma vitumbua 150 kwa siku na kuviuza shilingi 200 kimoja, zikipatikana 30,000. Mchele kilo tatu ni 9,000, nazi tatu 3,000, sukari 3,000, mafuta 5,000, mkaa 2,000, hamira na iliki 1,000. Jumla ni 23,000, kwa hiyo kweli inabaki 7,000, na nilimsifu kwa kuwa hesabu yote alikuwa nayo kichwani.

Kisha nikamuuliza kuhusu saa. Mchele huroweka mchana, jioni hupeleka mashine kusaga, baada ya isha hukaa juu ya mbuzi kukuna nazi na kukamua tui, halafu huchanganya na kuacha unga uumuke. Saa tisa usiku yuko jikoni anawasha mkaa. Chuma chake kina mashimo saba, kila kitumbua hugeuzwa kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukitia mafuta, na saa mbili asubuhi ndipo anapokalia kigoda chake akipumzika, akiwa amebakiwa na vichache ambavyo watoto watavimaliza. Nikamwambia, "Haya, tuseme umeumwa, unamwita binti wa jirani akufanyie yote hayo kwa siku moja. Utampa ngapi?" Akajibu papo hapo, "Elfu tano, na chai yake." Nikamwambia basi faida yako ni elfu mbili, zile tano ni ujira wako. Bi Jirani akacheka mpaka akashika mbavu. "Kwani Maalim, mimi nijilipe mwenyewe?"

Swali lake ndilo kiini cha jambo lote. Binti wa jirani akichoma vitumbua hivyo ni kazi na ina bei, lakini mwenye chuma akivichoma si kazi na haina bei. Matokeo yake huonekana pale mchele unapopanda: Bi Jirani hapandishi bei, hupunguza ukubwa wa kitumbua, na kikishakuwa kidogo kiasi cha kumwonea haya mteja, anachopunguza ni kile kilichobaki, yaani usingizi wake na nguvu zake, kwa sababu hivyo kwenye hesabu havimo.

Na asiniambie mtu kwamba sisi Wapemba hatujui kuthamini nguvu za mwili, kwa kuwa msimu wa karafuu unatusuta. Mchumaji hulipwa kwa pishi, kile kipimo chetu cha ujazo, na bei ya pishi hujulikana kijiji kizima kabla hajapanda mkarafuu wa kwanza, na mwenye shamba akijaribu kupunja atabaki na karafuu zake juu ya mti. Hakuna mchumaji anayesema "nachuma tu" kisha akaondoka bila ujira. Lakini karafuu hizohizo zikifika nyumbani usiku, na mama na watoto wakakaa kwenye jamvi kuzichambua makonyo mpaka vidole vikawa vyeusi, pishi husahaulika. Mara nyingi watu wa ndani hawalipwi, na mwenye shamba akirudi kutoka kuuza ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, huhesabu mapato yake kana kwamba karafuu zilijichambua zenyewe.

Mwani ni vivyo hivyo, pengine zaidi. Kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1989 huko Paje na Jambiani, Unguja, kikavuka hadi kwetu Pemba, na leo sisi ndio tunaotoa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar. Wengi wa wakulima ni wanawake, na hukaa ndani ya maji bamvua baada ya bamvua, bahari inapotoka mbali, kufunga vipande kwa taitai, yaani vijikamba vyembamba, kisha hungoja kama wiki sita ndipo wavune na kuanika. Bei huwa mikononi mwa mnunuzi. Mtu asiyejua saa zake zina thamani gani atasimamaje mbele ya mnunuzi kusema bei hii hainifai?

Nilimweleza Bi Jirani haya yote kwa ari ya mwalimu, naye alinisikiliza kwa adabu, kisha akanipa jibu ambalo sikulitarajia. Alisema akianza kuwaambia watu kwamba ana kazi inayomlipa, kesho ndugu watakuja kukopa, keshokutwa atakuja mtu wa ushuru, na hasidi naye hatokosa. "Hilo neno 'tu' ndilo linalonifichia chungu changu," alisema. Nilikiri, na bado nakiri, kwamba ana hoja. Riziki haitangazwi sokoni. Lakini kuwaficha majirani hesabu ni jambo moja, na kujificha wewe mwenyewe hesabu yako ni jambo jingine, na hapo tuliachana kila mmoja na msimamo wake.

Vijana wetu wamekimbilia upande wa pili. Wananijia niwachapishie kadi, na mwenye kibanda cha kurekebisha simu huandikwa Mkurugenzi Mtendaji. Nawachapishia, ni wateja wangu. Nikiwauliza mwezi uliopita wamejilipa ngapi, hucheka kicheko kilekile cha Bi Jirani.

Pensheni Jamii ilipoanza Aprili 2016, wazee wa miaka 70 na kuendelea walianza kupewa shilingi 20,000 kwa mwezi bila kuulizwa waliajiriwa wapi, na nilimwona bibi yangu akipokea fedha za kwanza maishani mwake zisizotokana na kusuka ukili wa mikeka wala kuuza kuni. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar nao una mpango wa hiari kwa waliojiajiri. Fomu zake ninazo dukani, lakini wanaozichukua ni wachache, kwani mtu atachangia vipi kutoka katika ujira ambao kwa maneno yake mwenyewe haupo?

Kwa hiyo nimebadilisha namna ya kuuliza. Nikifika kwenye ule mstari, siulizi tena "Kazi yako?" bali "Jana ulifanya nini?" Wiki iliyopita mama mmoja alifikiri kidogo, akajibu, "Jana nilikuwa pwani, tangu maji kutoka hadi kujaa." Nikaandika, kwa herufi kubwa, MKULIMA WA MWANI, nikamgeuzia karatasi asome. Alilitazama lile neno kwa muda, akatabasamu, akanirudishia.

"Sawa, Maalim," alisema. "Lakini andika mkulima tu."