Msiba wa Mgeni

Mtu wa Muheza, kule Tanga, ukimwambia "hapa bamia hazioti", umemtukania ukoo. Kwetu bamia haipandwi, inatupwa tu, na ukigeuka imeshaota. Ndiyo maana nilipohamishiwa Njombe kufundisha, nikaonyeshwa nyumba yenye kiwanja nyuma kinachoshuka mpaka bondeni penye kijito, nilicheka peke yangu. Nikasema hawa watu wamekalia udongo mweusi namna hii halafu wanalima viazi! Ngoja niwaonyeshe bustani.

Nafundisha Jiografia. Nilijua fika kwamba ukipanda juu joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, na kwamba mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hesabu hiyo nimeiandika ubaoni mara nyingi, chaki mkononi, sweta mbili mwilini. Lakini hesabu ya ubaoni ni ya mtihani. Bamia ni mambo ya nyumbani.

Nikapanda bamia, mchicha, biringanya na nyanya. Mchicha ambao Muheza ungeuchuma baada ya wiki tatu nne, hapa ulitoa majani mawili, ukatazama hali ilivyo, ukasimama. Bamia zilifika usawa wa kifundo cha mguu zikaishia hapo. Moja ilijikakamua ikatoa tunda la kidole cha mwisho. Tuliliunga kwenye mchuzi, tukagawana familia nzima kwa heshima zote. Nyanya zilianza vizuri, nikawa natembea kifua mbele, mara ukungu ukaingia, majani yakapigwa mabaka meusi, na ndani ya wiki tuta zima lilikuwa limeoza. Jirani yangu, mzee wa Kibena aliyestaafu kwenye mashamba ya miwati, aliniambia taratibu kwamba nyanya huku bila kupiga dawa ya ukungu ni kujifurahisha tu.

Mama watoto hakusema neno. Alichukua kipande chake kule juu karibu na mlango wa jiko, akapanda kabichi, karoti na njegere. Samadi kidogo, maji kidogo, basi. Kabichi zikafunga zikawa ngumu, ukiipiga konde inaitika. Karoti unaivuta unaangukia makalio. Wageni wakija walipitishwa kwake kwanza, na wengi hawakufika kwangu. Mie haikunisumbua. Kabichi siihesabu kuwa mboga, ni majani yaliyokosa kazi yakakumbatiana.

Na isitoshe, mie nilikuwa na mnazi.

Likizo ya Desemba nilitoka nyumbani na nazi iliyokwishachipua, chipukizi lake limetimia shibiri. Niliipakata njia nzima: Segera, Chalinze, Morogoro, Mikumi. Tulipoanza kuupanda Kitonga na ubaridi kuingia madirishani, nikavua koti nikaifunika. Abiria wa pembeni akanong'ona, "Mgonjwa?" Nikamwambia huyu ni mgeni, huku hajawahi kufika. Jina likabaki hilo hilo. Watoto wakawa wanamwamkia kabla ya kwenda shule, "Shikamoo, Mgeni." Ukipita nje ya ua wetu ungesikia, "Mama, Mgeni leo kachangamka," au "Mama, Mgeni hajapewa maji!" Sasa mtaa mzima ulikuwa unazisikia habari za Mgeni, ila Mgeni mwenyewe hawamwoni akitoka hata kwenda dukani.

Miezi ya mwanzo nilimlaza jikoni, kando ya jiko la mkaa. Mwezi wa nne nikamshusha bustanini, bondeni kabisa, kwenye vinyungu kama wenyeji wanavyoviita, penye unyevu mwaka mzima. Hewa baridi ni nzito. Usiku usio na mawingu hutambaa mteremkoni kama maji na kwenda kutuama bondeni. Hilo nalo lipo kwenye somo langu. Lakini mnazi unapenda unyevu, na mie nilimsikiliza mnazi.

Jioni moja ya mwezi wa saba yule mzee akaja kwenye uzio.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene, baba."

"Umelitazama anga?"

Nikatazama. Nyota zote zimetoka, wingu la dawa hakuna.

"Leo sakitu inashuka. Kama kuna kitu unakipenda, kifunike. Na asubuhi kimwagie maji kabla jua halijakipiga."

Sakitu ni ile barafu ya usiku inayounguza mimea. Wenzangu hufunika kwa nyasi. Mie nyasi sikuwa nazo, nikaingia ndani. Nilianza na mashuka meupe, yale yaliyokuja kwenye sanduku la harusi na ambayo hayajawahi kulaliwa na mtu. Matuta yangu ya bamia yana urefu wa mtu mzima aliyelala, kwa hiyo kila tuta likapata shuka lake, nikalinyoosha vizuri na kukandamiza pembe kwa mawe. Chandarua kikaenda kwenye biringanya, mkeka kwenye mchicha. Mgeni nilimsimikia vijiti nikamvika kanzu yangu ya Idi, na juu kabisa, pale ncha ya chipukizi ilipo, nikamvalisha kofia. Mama watoto alikuwa mlangoni amekumbatia blanketi la mwisho. Nilipomtazama akalikumbatia zaidi.

Kisha nikawasha moto. Mzee hakusema habari za moto, ule ulikuwa mchango wangu wa kitaaluma: moshi ukitanda juu ya bustani, joto la ardhi halitapata pa kutokea. Nikachukua kuni za miwati mbichi makusudi, ambazo haziwaki sana ila moshi wake unakula macho. Nikakaa kwenye kigoda, kanga kichwani, gunia mgongoni. Nisije nikasinzia, nikafungulia kaswida kwenye simu. Baadaye mama watoto akaja kuketi nami, kwa huruma tu, maana nilikuwa natetemeka mpaka kigoda kinalia. Macho yake yakawa mekundu kwa moshi, kila mara anayafuta kwa pembe ya kanga.

Kwenye saa nane za usiku akapita bwana mmoja anatoka kilabuni. Akasimama barabarani. Akavua kofia. Nikampungia mkono. Akatoka mbio, nikadhani ni baridi.

Hebu hesabu alichokiona bwana yule. Moto uani usiku wa manane. Kaswida. Mwanamume amejiinamia, mwanamke anafuta machozi. Nyuma yao, kwenye mwanga wa mbalamwezi, wamejipanga watu walionyooshwa na kufunikwa mashuka meupe, na mmoja ana kanzu. Misiba ya kweli haina vielelezo vingi kiasi hicho.

Alfajiri sakitu ilikuwa imeshuka barabara. Majani ya njiani yalikuwa yanakatika chini ya ndala. Kanzu ilikuwa imelowa umande, umande ukaganda nayo. Niliposhika mkono wake haukukunjika, ulilia tu "kakaka" ukabaki umeelekea kibla. Nilikuwa na ndoo mkononi, nataka kuanza kumwagia, ndipo akina mama wa kwanza wakaingia. Mmoja ana mzigo wa kuni kichwani, mwingine debe la viazi, wawili wamebeba lile sufuria kubwa la mtaa. "Poleni jamani, poleni sana." Wakaenda moja kwa moja kwa mama watoto wakamkumbatia. Naye, ambaye tangu jana alikuwa amezuia kilio cha mashuka yake, alipoona kumbe kuna watu wanaomwelewa, akaachia.

Wakafuata wanaume. Wakaketi kuzunguka moto bila kuongea. Moyo wangu ukajaa. Kwetu bustani ikiungua utachekwa mpaka mavuno mengine. Huku wanakuja na kuni! Balozi akakaa karibu yangu, daftari gotini.

"Pole, Mwalimu. Kazi ya Mungu."

"Tumeshapoa, balozi. Ni hii baridi."

"Imekuwa ghafla?"

"Ghafla wapi! Alianza kunyong'onyea tangu mwezi wa tano. Akawa wa njano mwili mzima."

Balozi akawageukia wenzake. "Ini." Wakatikisa vichwa.

"Hospitali mlimpeleka?"

Nikaona swali la ajabu kidogo, lakini mtu aliyekuja na pole humsahihishi. "Hapana. Nilikuwa namsogeza kwenye jiko na kummwagia maji ya uvuguvugu."

Kuna mtu alikohoa.

"Na ndugu zake wana taarifa?"

"Ndugu zake wamejaa pwani nzima, balozi. Wale hawana habari, wanapigwa na upepo tu."

"Sasa," akasema balozi, na sauti yake ilikuwa imeanza kubadilika, "mtamsafirisha, au atazikwa hapahapa?"

"Kuzikwa? Nilishamzika nusu tangu mwezi wa nne. Kichwa ndio nilikiacha nje, apumue."

Kalamu ya balozi ilisimama. Jamaa wa kulia kwangu alisogeza kiti chake polepole, kama nusu mita. Nyuma nikasikia mtu anasema neno "kituoni", na mwingine anamuuliza nani ana salio.

Kilichoniokoa ni yule mzee, ambaye alikuwa amelala kama mtu aliyepanda kabichi. Aliingia uani, akasalimia, akaambiwa kwa minong'ono kilichotokea, akateremka bondeni peke yake na watu wote wakimfuata kwa macho. Akaivua kofia ya Mgeni. Akaiinua kanzu, ikatoka nzima nzima, ikasimama yenyewe pembeni. Ndani yake palikuwa na kijiti cheusi kimelegea juu ya nazi.

"Mwalimu," akaita kutoka kule chini, "huyu ndiye aliyevaa kanzu?"

Akafunua na tuta la kwanza. Bamia. La pili. Bamia.

Sijui nani alianza kucheka, nadhani ni mmoja wa wale wa sufuria. Ilifika mahali balozi akawa anajifuta machozi kwa daftari. Nilijaribu kueleza habari za hewa baridi na moshi, hakuna aliyesikia.

Likabaki suala la utaratibu. Rambirambi zilikuwa zimeandikwa, shilingi 38,000, jina la marehemu "Mgeni, wa Tanga", na balozi akasema tangu apewe daftari lile hajawahi kurudisha fedha na hajui inaandikwaje. Viazi vilikuwa vimeshamenywa na sufuria limeshainjikwa. Wakakubaliana kwanza watu wapate kula. Ila mboga haikuwepo. Akina mama wakapita bustanini kwangu: bamia zimekuwa nyeusi, biringanya zimelala ndani ya chandarua, mchicha hata chini ya mkeka haukujulikana ulikuwa wapi. Wakapanda juu kwa mama watoto. Kabichi zake, ambazo hazikufunikwa hata na gazeti, zilikuwa zimekaa na sakitu yao mgongoni. Jua lilipotoka zikajipukuta maji, basi. Wenyeji wanasema baridi ndiyo inayoitia kabichi utamu. Wakakata tuta zima. Nilikula sahani mbili, kwa heshima ya waliokuja.

Katikati ya chakula ikaingia gari ya shule. Mkuu wa shule akashuka na viranja wawili wenye nyuso za huzuni, akanikabidhi barua ya ruhusa ya msiba, siku nne, imesainiwa na kupigwa muhuri. Nilifungua mdomo nimweleze. Halafu nikafikiria mitihani ya kidato cha pili inayonisubiri kusahihishwa, nikaifunga bahasha.

"Na nyumbani kwenu usihangaike," akaniambia. "Niliwapigia tangu alfajiri. Ile namba iliyoko kwenye faili lako."

Namba iliyoko kwenye faili langu ni ya shangazi. Simu ikaita hata kabla sijasimama.

"Mwanangu, tuko Msamvu, hapa Morogoro," shangazi alisema, na nyuma yake nasikia honi za mabasi na watu wanaolia. "Tumekuja watu tisa, na ubani tunao, na mwalimu wa madrasa tunaye. Sasa sikiliza. Tangu Segera tunahesabu ukoo mzima, upande wa baba na upande wa mama, tumepiga simu mpaka Mombasa. Wote wazima. Hebu tuambie amekufa nani, maana watu wamelia njia nzima na hawajui wanamlilia nani."

Nikampa simu mama watoto.