Mlango wa Mninga na Paka Anayeitwa Diwani

Mlango wangu wa mbele niliununua kabla sijapaua. Nyumba ilikuwa bado boma, popo wanaingia na kutoka watakavyo, lakini mlango ulikuwa umeshafika kutoka Keko, umelazwa chini ya turubai kwa kaka yangu. Mninga mtupu, mbao nene, paneli sita. Watu wakaniuliza, unaanzaje na mlango? Nikawajibu kuwa bati linapanda bei, lakini mninga unapanda zaidi.

Nyumba ilipokamilika nikaongeza na yale mengine ambayo kila mwenye nyumba Dar es Salaam anayajua. Geti la nondo mbele ya mlango. Kitasa. Komeo la juu, komeo la chini. Chupa za kuvunjwa juu ya ukuta. Wavu wa mbu kila dirisha. Kwangu hata upepo ulikuwa unapiga hodi. Halafu, baada ya gharama zote hizo, nimemlipa fundi kwa hela yangu ya halali aje anikatie tundu.

Tundu la paka.

Paka mwenyewe sikumnunua. Alikuja mdogo, akakaa barazani, watoto wakampa dagaa, basi, akawa mwenyeji. Anaitwa Diwani, kwa sababu anaonekana wakati wa kula tu. Ukimwambia kuna panya stoo anakusikiliza vizuri, anakuahidi kwa macho, anaondoka.

Tatizo la Diwani ni saa nane usiku. Saa nane usiku anataka kutoka. Naamka, nafungua komeo la juu, komeo la chini, kitasa. Yeye anafika kizingitini, anakaa kitako. Anafikiria. Anatazama nje, ananitazama mimi, anatazama nje tena. Mbu wao hawana ya kufikiria, wameshaingia ukoo mzima. Akishaamua, anatoka, nami nafunga kitasa, komeo, komeo. Saa kumi anataka kuingia. Na mke wangu hajawahi kumsikia. Mwanamke anayesikia meseji ikiingia kwenye simu yangu iliyozimwa sauti na kufichwa ndani ya soksi, hajawahi kumsikia paka anayelia mlangoni.

Nikasema basi, asiyejua saa ya kulala akalale nje. Bahati mbaya mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Unguja. Akajitanda kanga yake vizuri, akaniambia, "Mwanangu, wewe hukusoma chuoni? Hukusikia habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka? Kamfungia, hakumpa chakula, wala hakumwacha ajitafutie vijidudu vya ardhini."

Hadithi hiyo ya Mtume naijua, ni sahihi, na sina la kubishana nayo. Nikamwambia mama, mimi simfungii, mimi nataka kumtoa. Akasema huko nje mvua inanyesha. Nikasema basi abaki ndani. Akasema, "Huko ndiko kumfungia." Nikaona mambo magumu, nje moto, ndani moto, na Diwani yuko katikati ya kizingiti bado anafikiria.

Nikajitetea kwa hadhi ya mlango. Nikasema mama, mlango wa mninga hautobolewi kwa ajili ya paka. Akacheka mpaka kanga ikamwanguka begani. Akasema Mji Mkongwe kuna milango ya Kihindi, minene, yenye nakshi na misumari ya shaba, na ndani ya mlango mkubwa mna kilango kidogo, na mabwana wenye mali zao walikuwa wanainama wanapita hapo wala hadhi haikupungua. "Na huu wako hauna hata nakshi moja." Hilo la nakshi liliniuma, lakini mama mkwe hajibiwi.

Habari zikafika Uingereza kabla hazijafika kwa jirani. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anaishi huko, naye akampa mzigo mtu aliyekuwa anarudi nyumbani. Wenzangu ndugu zao wakituma mzigo kutoka Ulaya, wanapokea simu au viatu. Mimi nimepokea fremu nyeupe ya plastiki yenye kijimlango kinachoning'inia, pamoja na ujumbe wa sauti mrefu wa kunitia moyo.

Eti nisione aibu, maana hata kanisa kuu la Exeter lina tundu la paka mlangoni. Mwaka 1598 mafundi walilipwa peni 8 kulikata kwa ajili ya paka wa Askofu William Cotton, na bado lipo. Mlango wenyewe uko chini ya saa kubwa ya kale. Mitambo ya saa ilikuwa inalainishwa kwa mafuta ya wanyama, panya wakawa wanapanda kulamba, ndipo paka akahitajika. Tena zamani zaidi, kati ya mwaka 1305 na 1467, vitabu vya hesabu vya kanisa hilo vimeandikwa peni 13 kila robo mwaka kwa walinzi na paka.

Ujumbe huo niliurudia kuusikiliza. Paka mwenye ajira! Yumo kwenye malipo pamoja na walinzi, analinda saa ya askofu. Wangu analishwa dagaa wa kuchambuliwa, panya wa stoo wamezeeka, wameoza watoto wao, wana wajukuu, na bado yeye ndiye anayedai mlango wake binafsi.

Fundi akaja na futi mkononi na penseli sikioni. Kwenye maelekezo imeandikwa kwamba ukingo wa chini wa tundu ulingane na tumbo la paka akiwa amesimama. Fundi akaniuliza, "Bosi, kwa hiyo tunapima mlango au tunapima paka?" Diwani alipoona futi, akalala chali. Ukimnyanyua anarefuka, ukimwachia anafupika. Fundi akaandika vipimo vitatu kwenye mlango wangu kwa penseli, na kila kimoja ni cha paka mwingine. Mwishowe akasema tufanye wastani.

Akatoboa pembe kwa drili ili msumeno upate pa kuingilia. Kabla pembe hazijaisha, umeme ukakatika. Akaendelea kwa patasi na msumeno wa mkono, na mninga mkavu hauna haraka, kila msumeno ukienda mbele mimi tumbo linarudi nyuma. Kikatoka kipande cha mraba, kisafi, chenye fundo jeusi pembeni. Fundo hilo nilikuwa nawaonyesha wageni wajue kwamba hii ni mbao, si zile karatasi za kugundishwa. Nikawa bado nalitazama lile tundu, natafuta maneno. Fundi akakiokota kipande, akakitia kwenye mfuko wake wa vifaa. "Nisikuachie uchafu, bosi."

Skrubu zilizokuja na fremu ni za milango myembamba. Kwangu zilizama zikaishia njiani. Hela ya skrubu ndefu. Hela ya silikoni. Nauli ya kufuata silikoni. Soda ya kumsubiri muuza silikoni arudi kutoka kuswali.

Nikiri kwamba kifaa chenyewe kimetengenezwa kwa akili. Kina kiswichi cha hatua nne: paka aingie na kutoka, aingie tu, atoke tu, au asipite kabisa. Nilipoisoma hiyo ya nne nililala usingizi mzuri. Kuna vingine vya kisasa vinavyosoma chipu iliyowekwa chini ya ngozi ya paka, asipite mwingine. Diwani hana chipu, ana viroboto. Chetu kinatumia sumaku: paka anavaa mkanda shingoni wenye kijisumaku, akisogea komeo linaachia, wa jirani akisogea linagoma.

Ila sumaku haichagui. Siku za mwanzo Diwani alirudi na vizibo vya soda vimemning'inia kidevuni. Nikacheka. Baadaye pini. Baadaye misumari ya bati, mpaka watoto wakaanza kumsubiri asubuhi waone leo kaleta nini. Kisha akaja na kijiko cha chai.

Haukupita muda, jirani yetu Mama Jeni akapiga hodi. Kijiko chake kimepotea, ni cha seti aliyopewa kwenye kitchen party, na anakiona pale mezani kwangu. Nikamweleza habari ya sumaku. Akanitazama. "Kwa hiyo, Baba Nasra, kijiko kilimfuata paka."

"Ndiyo, Mama Jeni."

"Na sufuria zangu je, nazo zitamfuata?"

Nikamtoa wasiwasi. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba sufuria zake ni za alumini, sumaku haizigusi, labda vile visu vidogo. Hapo ndipo alipoamini kabisa kwamba mimi ni mwizi mzoefu, nimeshajua kwake kipi kinabebeka na kipi hakibebeki. Tangu siku hiyo akinisalimia anashika hereni.

Mkanda tumeuvua. Bila mkanda, komeo inabidi liwe wazi, na komeo likiwa wazi anapita yeyote. Nikiamka nakuta kwenye kochi langu paka ambao sijawahi kutambulishwa. Kuku wa Mama Jeni ametaga chini ya stendi ya televisheni, na yai sikuligusa, nikalirudisha mwenyewe kwa mikono miwili, mashahidi wakiwepo. Masika yalipoingia mbao ikavimba, ikaibana fremu, kijimlango kikawa kinakwama. Diwani akasukuma kwa kichwa, kikagoma, akasukuma tena. Akaja kuniamsha. Ilikuwa saa nane.

Yote hayo ningeyameza kama si kikoba.

Rejesho langu limechelewa, sikatai, na wanakikoba wanajua sababu. Zamani mweka hazina akipiga hodi, kila mtu ndani alijua kazi yake. Televisheni inazimwa, Nasra anamziba mdomo mdogo wake, tunatulia tuli. Mlango wa mninga unatunza siri. Mtu anagonga, anasikiliza, anaondoka zake. Sasa hivi mweka hazina hagongi tena. Anachutama, anapitisha mkono kwenye nondo, ananyanyua kijimlango kwa kidole kimoja.

"Baba Nasra. Miguu naiona."

Kimya.

"Hiyo ndala ya bluu si yako?"

Nikapandisha miguu kwenye kochi polepole.

"Na sasa umeipandisha."

Nikamnong'oneza mtoto akaseme baba hayupo. Mtoto badala ya kusema kwa mbali, akaenda akalala kifudifudi mlangoni, wakazungumza uso kwa uso, wakasalimiana, wakaulizana habari za shule. Akarudi mbio, "Baba, anasema nikusalimie ukirudi kutoka kwenye kochi."

Siku hizi hata anayeuza karanga anachungulia kwanza kama tupo. Watoto wa mtaa wanaitana kupitia hapo. Nimewahi kulifunika kwa kipande cha zulia, habari ikafika Unguja siku hiyo hiyo, simu ikapigwa: "Mwanangu, huko ndiko kumfungia." Zulia nikaliondoa.

Ila juzi niliamua liwalo na liwe, tundu nalirudisha. Kipande si kipo? Kinarudi mahali pake, gundi, msasa, vanishi, maisha yaendelee. Nikampigia fundi. Akawa mzito kidogo. "Kipande kipi, bosi?" Nikamwambia kile cha mninga, cha mraba, chenye fundo. Akasema mtandao unasumbua.

Jumapili naingia jikoni, mke wangu anakatia vitunguu kwenye kibao kipya. Kibao kizuri, kimepigwa msasa kikang'aa, kimetobolewa kitundu cha kukining'iniza ukutani. Pembeni kina fundo jeusi.

Nikauliza kimetoka wapi.

"Nimenunua kwa yule fundi wako, elfu nane, kapunguza kutoka kumi kwa sababu anatufahamu. Kasema ni mninga wa zamani, siku hizi haupatikani. Nimemwomba atengeneze kingine cha kumpelekea mama."

"Akasemaje?"

"Kasema atajitahidi. Halafu akauliza mlango wetu wa uani ni mbao gani."