Gymkhana si gym

Kuna maelezo yanayozunguka kwenye simu kwamba Gymkhana maana yake ni "gym ya Wahindi". Yanasambazwa kwa uhakika wa ajabu, tena na watu wanaopita klabu ya Gymkhana ya Dar es Salaam kila siku na kuuona uwanja wa gofu kwa macho yao. Vyuma vya kunyanyua viko wapi? Vimefukiwa chini ya nyasi?

Neno hili lisomwe kuanzia nyuma. *Khana* ni Kiajemi: nyumba, mahali pa jambo fulani. Tunalo mdomoni siku zote, kwani karakana ni *kar-khana*, nyumba ya kazi. Jamatkhana za Waismailia nazo ni nyumba za jumuiya. Fundi anayeshinda karakanani halafu akaambiwa *khana* ni "Wahindi", akakubali, sijui tumsaidieje.

Mbele ndiko kwenye utata. Henry Yule na A. C. Burnell, katika kamusi yao ya 1886 ya maneno ya Waingereza wa India, walisema neno lenyewe ni jipya. Matumizi ya zamani kabisa waliyoweza kuyafuatilia ni ya Roorkee, kaskazini mwa India, mwaka 1861. Kwa maoni yao lilijengwa juu ya *gend-khana*. *Gend* ni mpira kwa Kihindi, na nyumba ya mpira ndilo jina wenyeji walilolipa jengo la Waingereza la mchezo wa raketi, lile lenye kuta ambazo mpira unapigwa ukirudi. Sikio la Mwingereza lililozoea "gymnastics" likasikia *gend*, mkono ukaandika *gym*. Mpira ukapotea, nyumba ikabaki.

Haya, wenyewe waliandika "pengine", na hiyo *gym* iliyopachikwa asili yake ni Kiyunani kweli. Wa vyuma chukueni nusu yenu mtulie.

Huko India neno likawa jina la klabu. Bombay Gymkhana ilianzishwa 1875 na haikupokea Wahindi, kwa hiyo Waparsi (wa dini ya Zoroasta), Wahindu na Waislamu wa mji ule wakajijengea gymkhana zao. Desemba 1933 India ikacheza nyumbani mechi yake ya kwanza ya Test, yaani kriketi ya kimataifa ya siku kadhaa, na uwanja ulikuwa uleule wa klabu isiyowataka. Mchezaji wao Lala Amarnath akapiga mikimbio 118, mia ya kwanza ya Mhindi katika Test. Kejeli nzuri kuliko hiyo mtaitoa wapi?

Uingereza ikalibeba neno ikaliacha jengo. Kule gymkhana ni siku ya michezo ya farasi, hasa ya watoto na farasi wadogo: yai kwenye kijiko, bendera za kuchomoa na kuchomeka, na nguzo za kupita kwa kupindapinda. Mchezo wa nguzo Wamarekani wameupimia kabisa: nguzo 6, futi 21 kati ya moja na nyingine, na ukiangusha moja unaongezewa sekunde 5. Wengi hawaharibu katikati. Wanaharibu nguzo ya mwisho, kwa kuifikia mbio mno: farasi anachora duara pana, na muda uliookolewa kwenye mstari ulionyooka wote unaishia kwenye kona hiyo. Anayejua hupunguza kasi kabla ya kugeuka, siyo wakati wa kugeuka. Tena farasi hodari hapa ni mfupi, mtiifu, anayesimama pale pale. Wa mashindano ya mbio atakuaibisha.

Wajapani wao wamelihamishia kwenye magari. Wanalitamka karibu kama sisi, jimukana: dereva mmoja, koni, saa. Ukigusa koni ni sekunde 5 zilezile.

Afrika Mashariki tumebaki na maana ya mahali, kwa sababu neno lilifika na maofisa na wafanyabiashara waliotoka India klabu ikiwa tayari klabu. Ndiyo maana Arusha na Morogoro Gymkhana ni gofu, na ya Nairobi ni kriketi. Huko Nairobi, tarehe 4 Oktoba 1996, Shahid Afridi wa Pakistan aliwapiga Sri Lanka mikimbio mia kwa mipira 37, mia ya haraka kuliko zote katika mechi za kimataifa za siku moja, rekodi iliyokaa zaidi ya miaka 17. Tangazo la "gymkhana ya familia Jumapili" kwa maana ya tamasha la michezo ni Kiingereza cha Uingereza kilichopotea njia. Andika bonanza, watu watakuja na viatu vinavyofaa.